Nimejiunga na kikundi cha kuigiza vita vya kale huku Uingereza. Wenye maswali karibuni

Utambi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mtoto wa Morogoro, kibarua changu ni cha ghala huku katikati ya Uingereza. Wikiendi za kiangazi nikishavua reflekta navaa koti zito la sufu na kwenda kusukumana na watu wazima kwenye malisho ya ng'ombe. Juzi ndugu yangu kaona picha kwenye status akanipigia simu kuuliza kama nimeingia dhehebu. Nikaona bora nilete uzi, maana najua humu wamo walioko UK wanaotamani hii kitu ila hawajui pa kuanzia.

Vita tunavyoigiza ni vile vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, 1642 hadi 1651. Mfalme Charles wa Kwanza upande mmoja, Bunge upande wa pili, ugomvi wa kodi, dini na nani mwenye kauli ya mwisho. Pambano kubwa la kwanza lilikuwa Edgehill, 23 Oktoba 1642. Lililommaliza mfalme nguvu ni Naseby, 14 Juni 1645, na tarehe 30 Januari 1649 wakamkata kichwa mbele ya Banqueting House pale London. Naseby si mbali na ninapokaa. Ukienda leo utakuta mashamba tu na upepo.

Vyama vikubwa ni viwili. Kipo Sealed Knot, kilichoanzishwa 1968 na Brigedia Peter Young, komandoo wa Vita vya Pili vya Dunia aliyegeuka mwanahistoria. Kipo na English Civil War Society, ambacho ndani yake kuna jeshi la Mfalme na jeshi la Bunge. Lakini sikiliza vizuri hapa: hujiungi na jeshi, unajiunga na kikosi. Kila kikosi kina jina lake la kale, kanali wake, kundi lake la WhatsApp na majungu yake. Kwa hiyo usichague upande kwa sababu umesoma kitabu ukampenda Cromwell, jemadari wa Bunge. Chagua kikosi kilicho karibu na kwako na chenye watu unaoweza kukaa nao kwenye hema mvua ikinyesha. Mimi niko upande wa Bunge kwa sababu ndio waliokuwa karibu na kituo cha basi. Na siku upande wa Mfalme ukipungukiwa watu, tunavuka, tunafungwa utepe wa rangi nyingine, maisha yanaendelea.

Kujiunga kwenyewe: unawaandikia, wanakualika wikiendi moja uje uone. Wanakuazima nguo zote. Shati la kitani, suruali ya kuishia magotini, soksi ndefu, koti, kofia, viatu vya ngozi. USINUNUE KITU. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu kila msimu anakuja kijana na upanga aliouagiza mtandaoni, na upanga huo hauruhusiwi kufika uwanjani. Ukishaamua kubaki unalipa ada ya mwaka, ambayo haizidi bei ya jozi ya raba za kawaida, na ndani yake mna bima.

Nakunywa chai kwanza, narudi na habari za kwata.

kichwa_ngumu

Uzi bila picha ni chai. Halafu mkuu, tuseme ukweli: mtu mweusi kwenye vita vya wazungu vya 1645? Si ndio kuharibu historia yenyewe hiyo?

Nesi wa Leicester

Naweka kambi hapa. Tiririka kaka.

Utambi

kichwa_ngumu, picha siweki, nina mabosi humu.

Kuhusu rangi: mpiga tarumbeta wa Mfalme Henry wa Nane alikuwa Mwafrika, John Blanke, na amechorwa mara mbili kwenye hati ndefu ya mashindano ya Westminster ya mwaka 1511. Hiyo ni zaidi ya miaka mia kabla ya vita tunavyoviongelea. Daftari za makanisa ya Kiingereza za karne ya 16 na 17 zina Waafrika waliobatizwa, waliooa na waliozikwa. Hawakuwa wengi, ila walikuwepo. Na kama unataka uhalisi wa asilimia mia basi anza na wenzangu: nusu yao ni wahasibu na walimu wastaafu wenye vitambi, wakati askari wa 1645 alikuwa kijana mwenye njaa. Wanawake nao wamejaa kwenye mistari wakibeba mikuki. Hao hawaulizwi, naulizwa mimi.

Sisemi hakuna maneno. Kuna mzee mtazamaji aliniuliza nimekuja kuwa mtumishi wa nani. Kabla sijafungua mdomo sajenti wetu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kengele, akamjibu: "Huyu ni mpiga mkuki, na wewe umesimama ndani ya kamba." Mzee akarudi nyuma ya kamba.

Sasa kwata. Waliopita JKT mtajisikia nyumbani. Wageni karibu wote wanaanzia kwenye mkuki mrefu. Ule wa zamani ulikuwa futi 16, karibu mita tano, mti wenyewe ni ule Waingereza wanaouita ash. Ukiwa umesimama tuli si kitu. Sema "geuka kulia" watu thelathini wote wana miti ya mita tano, hapo ndipo utajua kwa nini kwata ilibuniwa. Anayegeuka upande wa kushoto anawapiga watu watatu vichwani kwa mpigo. Tunafuata mikao iliyochorwa na Mholanzi Jacob de Gheyn mwaka 1607, picha moja kwa kila hatua: inua, weka begani, simamisha, shusha. Wakati ule askari wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo ilikuwa kazi ya sajenti kuyageuza makaratasi yale yawe sauti.

Pambano lenyewe la mikuki hatuchomani. Tunaisimamisha wima, tunabanana bega kwa bega, mistari miwili inasukumana kifua kwa kifua mpaka mmoja ukatike. Fikiria mlango wa daladala Mbagala saa kumi na mbili jioni, ila wote wanataka kuingia na wote wanataka kutoka. Mtu akianguka, yeyote anayemwona anapiga kelele ya kusimamisha, na kila kitu kinasimama. Hilo halina mjadala. Kanali akilipuuza, hana kikosi wiki ijayo.

Mzee wa Chumbageni

Mwanangu Utambi, umeeleza vizuri. Sisi hapa Tanga tumezaliwa juu ya uwanja wa vita na hakuna anayeigiza chochote. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa askari karibu 8,000, wengi wao Wahindi waliotoka safari ndefu ya meli, wakakutana na watu wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wapatao elfu moja hivi. Tarehe 5 wakawa wanarudi melini, wameacha bunduki na risasi chungu nzima ufukweni. Na nyuki wakaingia vitani wakawauma wote bila kubagua. Kila mtalii anapenda hadithi ya nyuki. Makaburi yako hapa, watu wanapita na baiskeli.

Swali langu: hayo magobole mnapiga kweli au ni fataki?

Utambi

Shikamoo mzee. Baruti ni ya kweli, risasi hakuna.

Nieleze kwa kirefu maana hii ndiyo sehemu inayovuta vijana. Gobole la wakati ule liliwashwa kwa utambi wa kamba uliochovywa chumvi ya baruti, na unawaka taratibu ncha zote mbili, ili moja ikizimika uwashie nyingine. Unautoa utambi kwenye kile chuma kilichopinda kinachoushika, unauhamishia mkono wa kushoto, mbali. Unaweka baruti laini kidogo kwenye kibakuli cha pembeni mwa mtutu, unafunga kifuniko, unapuliza chembe zilizobaki juu. Ndipo unafungua kichupa kimoja kwenye mshipi wa kifuani, vile vichupa vya mbao wanavyoviita mitume, unamimina mtutuni. Unarudisha utambi kwenye chuma chake, unapuliza kaa liwe jekundu, unafungua kibakuli, unainua, unasubiri amri. Sajenti akisema "piga," unavuta.

Mara nyingine kibakuli kinawaka "fyuu" mbele ya jicho lako na mtutu ukanyamaza. Hapo husogei. Unaelekeza juu, unahesabu, unasubiri ofisa wa usalama. Kwenye kikosi chetu baruti haishindiliwi kabisa, fimbo ya kushindilia hatubebi hata uwanjani, kwa sababu fimbo iliyosahaulika ndani ya mtutu ni mshale. Na hatumlengi mtu. Unalenga juu ya vichwa, na wakiwa karibu mno hupigi, unageuza kitako unapiga kelele.

Sasa ukichanganya hatua zote hizo na jasho, mvua na moshi ndipo unaelewa kwa nini wapiga gobole walihitaji wenye mikuki pembeni yao. Wakati wanajaza hawana kitu. Farasi wakija, wanakimbilia chini ya mikuki kama vifaranga. Nilisoma hayo shuleni? Hapana. Nilisoma tarehe.

Na moshi! Mstari ukishapiga mara mbili humwoni hata kanali wako. Unachoshika ni ngoma. Ngoma ikisema rudi, unarudi. Nguo zinanuka yai bovu mpaka Jumatano.

Kisheria huku ni polisi mara mbili: cheti cha bunduki, maana gobole la mtutu laini linahesabiwa kama shotigani, na kibali cha kununua na kutunza baruti. Wanakuja nyumbani kuangalia kabati la bunduki na sanduku la mbao la kuhifadhia baruti. Ukiwa unapanga chumba kwa mwenye nyumba mkali, sahau. Mimi bado nashika mkuki na siumii roho.

Nesi wa Leicester

Kaka, nina maswali ya kike na ya kawaida. Moja, mimi navaa hijabu. Mbili, chakula. Tatu, kazi yangu ni zamu, siwezi kila wikiendi.

Utambi

Dada yangu, hijabu ndiyo rahisi kuliko yote. Mwanamke wa 1640 hakutoka kichwa wazi. Alivaa kofia ya kitani iliyobana nywele na juu yake kitambaa au kofia nyingine, shingo ikafunikwa na leso pana ya kitani, gauni mpaka chini, mikono mirefu. Wakikupa nguo za kambini utakuta umesitirika kuliko wenzako wote. Kwenye kikosi tunaye binti wa Kipakistani wa Birmingham, anafunga kitani chake vizuri kuliko wazee wa chama, na wapiga picha wanamfuata yeye.

Chakula: kambini mna chungu cha pamoja na mara nyingi mna nguruwe ndani. Sema mapema, watakutengea, au beba chako kwenye bakuli la udongo, usilete kontena la plastiki mbele ya watazamaji. Bia ipo nyingi jioni. Hakuna anayekulazimisha, na baada ya pambano walevi ndio wanaolala mapema.

Zamu si shida. Wengi wanakuja wikiendi chache kwa msimu. Kuna kazi zisizohitaji kupigana: kuna wapiga ngoma, kuna wabeba maji, na kuna wanaoonyesha maisha ya kambini, kupika, kushona, dawa za wakati ule. Wewe nesi wangekunyang'anyana. Mganga wa vita wa karne ya 17 na misumeno yake hukusanya watoto wengi kuliko mizinga. Mbeba maji naye msimdharau. Akikosekana siku ya jua ndani ya makoti yale, watu wanaanguka kwelikweli.

kichwa_ngumu

Sawa nimeelewa kwata. Lakini kwa nini tusifanye vyetu? Maji Maji ipo. Lugalo ipo, Mkwawa alivyomchakaza kamanda wa Wajerumani Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Tunavaa kitani cha wazungu wakati mashujaa wetu wamelala.

Mtani wa Songea

Mkuu, Songea hawajalala. Kila Februari tunakumbuka walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, Nduna Songea Mbano akiwa miongoni mwa mashujaa wa vita hiyo. Makumbusho ya Maji Maji yapo, watu wanacheza ngoma na mavazi ya vita. Ila kucheza ligihu, ngoma yetu ya Kingoni, mbele ya kaburi la babu na kuigiza kufa kwa babu ni vitu viwili.

Tarehe 30 Agosti 1905 watu waliishambulia boma ya Mahenge wakiamini maji yatageuza risasi. Wajerumani walikuwa na bunduki za rashasha. Sasa nani atajitolea kuwa mstari wa mbele, aanguke kwa zamu, halafu watazamaji wapige makofi? Na ukiigiza hiyo, umeigiza nini? Waliokufa wengi katika Maji Maji hawakufa uwanjani. Walikufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Njaa utaiigizaje Jumamosi mchana?

Dada Taveta

Nimefuata mjadala huu kutoka jana na ninataka kumuunga mkono Mtani, lakini kwa njia yangu. Sisi Taita-Taveta tuko na Salaita, kilima walichokishika Wajerumani kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Tarehe 12 Februari 1916 Waafrika Kusini walipanda kile kilima wakijua watakula chakula cha mchana juu. Wakarudishwa, na waliowafunika wakati wa kurudi ni Wabaluchi, askari wa jeshi la India, wale wale waliokuwa wakidharauliwa. Mahandaki bado yanaonekana. Wageni huja na ramani.

Mtu akiniambia tuigize Salaita, nitamuuliza: wapagazi utawaweka wapi? Vita hiyo ilibebwa kichwani. Waliochukuliwa kubeba mizigo ni mamia ya maelfu, na waliokufa kwa kuhara, malaria na uchovu ni makumi ya maelfu. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar majina yake yametoka kwa kikosi hicho cha wabebaji. Sasa tazama sanamu. Ile ya Dar ina askari peke yake na bunduki yake. Ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Kwa hiyo ukitaka kuigiza kwa ukweli, kwa kila kijana mmoja aliyevaa fezi na kushika bunduki, andaa msururu mrefu wa vijana wenye masanduku ya kilo ishirini na kitu kichwani, wakitembea tu. Nani atalipia kiti kuangalia hiyo? Na hiyo ndiyo vita yenyewe.

Mzee wa Chumbageni

Binti umenena. Babu mzaa mama alibebeshwa. Hakuwahi kuona adui.

Utambi

Dada Taveta, hapo umegusa kitu ambacho hata huku kinawasumbua. Chama kinapenda mapambano kwa sababu watazamaji wanapenda mapambano. Lakini vita vya huku navyo viliua wengi kwa homa za kambini na kuzingirwa mijini. Ndiyo maana mimi namheshimu yule anayekaa kambini na chungu chake akieleza askari alikula nini na alilipwa lini, au hakulipwa, kuliko sisi tunaoanguka na kuinuka.

Ila sikubali kwamba haiwezekani kwetu. Isandlwana, Afrika Kusini, Januari 22 ya 1879, Wazulu waliwapiga Waingereza pale, na karibu na kila kumbukumbu watu huigiza lile pambano. Kikundi cha makoti mekundu kinatoka mji wa Dundee, kinaitwa Dundee Diehards, na upande wa pili wanasimama Wazulu wenyewe, wazao wa waliopigana, na ndio wanaoingia kwa mbwembwe zaidi. Tofauti ni kwamba ile walishinda. Labda ndiyo maana kichwa_ngumu kataja Lugalo haraka hivyo, hahaha.

Mtani wa Songea

Hapo kwenye kushinda sikupingi. Lugalo nitakuja na mkuki wangu.

kichwa_ngumu

Mkuki bila kibali cha polisi, nchi yetu tamu. Gobole je, hapa nyumbani?

Utambi

Gobole nyumbani usijaribu. Hiyo ni silaha, haijalishi babu aliiacha darini. Ukitaka kuanza Lugalo anza na ngao, mikuki ya mbao yenye ncha butu, na mtu wa kusimamia usalama kabla ya mtu wa kupiga picha. Na ongea na wazee wa Kihehe kabla hujachora bango.

Nesi wa Leicester

Kaka, tukiacha Lugalo: nataka kuja kuona kabla ya kujiandikisha. Msimu si mpaka masika ya huku?

Utambi

Kuna moja ya baridi. Nantwich, Cheshire, Jumamosi iliyo karibu na 25 Januari, Sealed Knot ndio wanaofanya. Mji ulizingirwa na watu wa Mfalme majira ya baridi ya 1643 kuingia 1644, Fairfax, jenerali wa Bunge, akaja akawafungulia tarehe 25 Januari, na wenyeji wakachomeka majani ya holi kwenye kofia kwa furaha. Mpaka leo siku hiyo inaitwa Holly Holy Day, na utaona watu wamechomeka majani hayo hayo. Wanaandamana mjini na ngoma, kisha wanapigana Mill Island kando ya mto.

Vaa buti, pale hugeuka tope. Fika mapema usimame upande upepo unakotoka, la sivyo moshi wote ni wako. Beba vya kuziba masikio, hasa ukija na watoto, maana mzinga haubishi hodi. Wakimaliza nenda kwa yeyote mwenye mkuki, sio kwa wenye magobole, hao watakuwa bado wanakaguliwa mitutu. Mwambie unataka kikosi cha karibu na Leicester. Atakupa namba ya mtu kabla hujamaliza sentensi, wana njaa ya watu wapya.

Nesi wa Leicester

Nimeomba off tayari. Nakuja na dada yangu wa Coventry, yeye anataka ngoma.